Plau Isiyo na Rangi

Jumatatu, tarehe 3

Mume wangu amenipa daftari la hesabu, lile la visanduku, akaniambia niandike kila siku ninachofanya karakanani. Anasema msimu uliopita nilimsimulia habari za plau mezani mpaka chai yake ikapoa. Yeye ni mwalimu, na walimu huamini kwamba jambo likishaandikwa limetatuliwa nusu. Haya basi, naandika.

Nimerudi kutoka mafunzoni wiki iliyopita. Miezi miwili nilikuwa najifunza kuzivisha zana za kulimia ngozi ngumu. Unayeyusha rodi maalumu juu ya chuma, na linabaki tabaka jembamba lililo gumu kuliko chuma chenyewe, hivyo udongo unakawia sana kukila. Leo nilimweleza baba mkwe somo hilo lote bila kuruka kitu, huku yeye akipanga nyundo zake kwa ukubwa. Karakana ni yake, mwaka wa thelathini na sita sasa. Nilipomaliza akasema chuma juu ya chuma ni sawa na kuvaa soksi mbili kwenye kiatu kinachobana. Kisha akaomba nimpitishie koleo.

Sikukasirika. Nilikasirika kidogo.

Jumanne, 4

Leo ndiyo nimeanza kukaa roho juu.

Asubuhi alikuja Fundi Mageti, yule wa mtaa wa pili anayetengeneza mageti yenye maua ya chuma. Alikuja na futi mkononi. Akapima ukuta wa nyuma, akapima mlango, na mimi akanisalimu kwa adabu zote kisha akapima meza yangu. Alipoondoka nilimuuliza Baba kulikoni. Akasema bega lake la kulia halinyanyui tena nyundo kubwa, na kazi ya plau inapungua kila mwaka. Fundi Mageti anataka kuchukua karakana nzima. Baba amemwahidi jibu msimu wa kulima ukiisha.

"Na mimi je, Baba?"

"Wewe una mikono mizuri, mama. Hawezi kukosa kazi ya kukupa."

Yaani mimi, miaka minane humu ndani, niende kuchomelea maua.

Mchana alikuja Mwenyekiti. Ndiye kiongozi wa kikundi cha wakulima wanaotuletea plau zao, mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, na maneno yake huyatoa machache kama dawa. Mashamba yao mengi yako bondeni, kwenye udongo mweusi unaonata. Kila msimu ni yale yale: plau inakwenda hatua ishirini, inajaa udongo mpaka haionekani, dereva anashuka na kijiti kuubandua, anapanda, anakwenda hatua ishirini nyingine. Mwaka jana walichelewa kupanda kwa wiki tatu. Mwenyekiti alisema kikundi kimeamua kwamba plau zikigoma bondeni mwaka huu tena, watakodi za watu wa mbali na hizi zao wataziuza kama chuma chakavu.

Hesabu yake ni nyepesi, haihitaji hata daftari. Plau zikilima bondeni, karakana ina kazi na mimi nina la kumwambia Baba. Zikigoma, nitachomelea maua.

Jumatano, 5

Nimekwangua kutu kutwa nzima. Nimepiga chafya nyekundu.

Ijumaa, 7

Nimevisha ndimi sita. Ulimi ni kile kipande cha mbele cha plau kinachokata ardhi, na nyuma yake kuna bawa, yaani kile chuma kipana kilichopinda kinachopokea udongo na kuugeuza. Ndimi ndizo zinazolika upesi, kwa hiyo nikaanza nazo. Nimeweka mishono minene, juu na chini, imepangana vizuri hadi nikatamani mtu apite aione.

Aliyepita ni Baba. Hapa inabidi nieleze habari ya rangi. Kila kazi inayotoka kwenye karakana hii huwa nyekundu. Toroli, bawaba, jembe, plau, Baba huipaka kwa brashi yake mwenyewe, na kopo lile hakuna anayeligusa. Mtu akikiona kitu njiani anajua kimetoka kwa nani. Na hapaki kabla hajaridhika. Basi akazishika ndimi zangu, akazigeuza moja moja, akairudisha brashi kwenye kopo lake la mafuta ya taa.

"Hizi sijazipitisha," akasema.

Zikatoka uchi.

Jumatatu, 10

Leo nimeumbuka, na nitaandika nilivyoumbuka ili nisirudie.

Tulikwenda kujaribu kwenye shamba la juu, ambako udongo ni mwekundu na bado mkavu. Dereva wa trekta ya kikundi anaitwa Taratibu, kwa sababu hajawahi kwenda taratibu hata siku moja. Akashusha plau, akakanyaga mafuta, na plau ikateleza juu ya ardhi kama mtu anayekataa kuingia maji ya baridi. Akarudi, akaishusha tena, akaweka mawe mawili mazito juu yake. Ikakwaruza kidogo, ikapanda juu tena. Mwisho akazima injini, akashuka, akapitisha kidole kwenye ncha ya ulimi.

"Dada," akasema, "hiki ni kijiko."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeweka chuma kigumu juu na chini, ncha ikanenepa, ikawa butu, na kwa ugumu ule haitajinoa mpaka niwe bibi. Baba alikuwepo. Afadhali angesema neno, ningepata wa kumkasirikia. Alinisaidia tu kufungua boliti, kwa mkono wa kushoto, na njia nzima ya kurudi akazungumza na Taratibu habari za matairi.

Jumanne, 11

Nimenuna. Sina la kuandika.

Jumatano, 12

Nimefungua daftari langu la mafunzo. Ukurasa wa kumi na nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeandika: upande mmoja tu. Nimepiga mstari chini yake, mara mbili.

Mume wangu alicheka mpaka akaweka kalamu yake ya kusahihishia chini. Aliniuliza kwa nini basi nilivisha pande zote mbili, na mimi nikaanza kueleza habari za joto na aina ya rodi. Akaningoja nimalize, kama anavyowangoja wanafunzi wake wanaozunguka swali. Nikamwambia ukweli. Nilitaka Baba aone kazi nyingi. Nilidhani upande mmoja utaonekana uvivu.

Ukivisha upande wa chini tu, ule wa juu ulio laini unalika pole pole na ule mgumu unabaki umetangulia mbele, mwembamba. Ulimi unajinoa wenyewe shambani. Somo zima ndilo hilo, na nililipa miezi miwili ya kulala mbali na nyumbani ili kulisahau kwa ajili ya kujionyesha.

Jumamosi, 15

Ndimi mpya, upande wa chini tu, mshono mwembamba nikausawazisha kwa grainda. Shamba lile lile la juu. Taratibu alishusha plau, na ikazama. Alilima mistari minane bila kugeuka nyuma, na aliporudi akaniambia hana malalamiko. Kwa Taratibu hiyo ni hotuba.

Baba alichota udongo kwenye mtaro, akauponda, akautupa. Akasema tuone wiki ijayo. Brashi haikutoka kwenye kopo.

Jumatatu, 17

Ekari nne leo. Wingu upande wa mashariki, halafu likaondoka.

Jumatano, 19

Bondeni tatizo si ulimi, ni bawa. Udongo ule mweusi unashika popote penye kutu, shimo au mkwaruzo, na ukishashika kidogo unawaita wenzake. Kwa hiyo nimeanza kuyasugua mabawa yote matatu ya plau itakayotangulia bondeni, nyingine ikiendelea kulima shamba la juu. Grainda, halafu msasa mkali, halafu msasa laini, halafu kitambaa. Jioni napaka oili chafu ili kutu isirudi. Leo bawa la kwanza limeng'aa hadi nimeona kwamba nina masizi kwenye sikio.

Baba aliuliza nitamaliza lini kumpamba bibi harusi. Nikamwambia bibi harusi ana ndugu wawili bado.

Ijumaa, 21

Wingu. Hakuna mvua. Mikono haikunji vidole.

Jumatatu, 24

Nimemfuma Baba.

Nilikuwa nimetoka kununua msasa. Niliporudi nilimkuta amechuchumaa mbele ya plau iliyotoka shamba la juu, anapima ulimi wangu kwa kidole gumba, kutoka kwenye boliti hadi kwenye ncha. Halafu akapima ule wa zamani, usiovishwa, ambao Taratibu aliufunga pembeni kwa majaribio. Akapima tena wangu. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikakohoa, nikaingia upya. Alikuwa amesimama, anatazama paa.

Ekari ishirini na mbili zimelimwa sasa. Ule usiovishwa umelika vidole viwili na hauna ncha tena. Wangu umepungua ukucha.

Nimekuwa nikimwona Baba kama mtu aliyefunga mlango. Leo nimefikiri labda alikuwa tu anasubiri kitu anachoweza kukipima kwa kidole chake. Nilimwambia mume wangu hivyo. Akasema baba yake alimpima hata yeye hivyo hivyo, miaka yote.

Jumanne, 25

Bawa la tatu limekwisha. Nimelala mchana kama mtoto mchanga.

Alhamisi, 27

Mvua. Imeanza saa nane mchana na mpaka naandika hii bado inapiga bati. Karakanani hatukusikilizana, tukawa tunaonyeshana kwa vidole. Baba alicheka peke yake, sijui kwa nini.

Ijumaa, 28

Mvua tena. Mwenyekiti ametuma salamu: Jumatatu asubuhi, bondeni, kikundi kizima kitakuja kutazama. Mume wangu anasema nimemwaga chumvi kwenye chai.

Jumapili, 30

Hakuna kazi. Baba amekwenda karakanani tangu asubuhi, eti kufagia. Jumapili hafagii hata mbele ya mlango wake.

Jumatatu, 31

Nimeshika kalamu na vidole vyangu bado ni vyekundu. Naanza mwanzo.

Nilifika saa moja. Plau ilikuwa imesimama mlangoni, na ilikuwa nyekundu yote. Fremu nyekundu, gurudumu jekundu, na mabawa yangu matatu, yale niliyoyasugua siku sita, mekundu kutoka juu hadi chini, rangi imekauka vizuri, haina hata tone lililochuruzika. Baba alikuwa pembeni yake, amevaa shati la kutokea. Kwenye ukucha wa kidole gumba alikuwa na doa jekundu.

"Nimeipitisha, mama," akasema.

Miaka minane. Nilijua pale pale kwamba rangi ile itatuponza. Mafunzoni tulionyeshwa: rangi kwenye bawa ni kushika udongo mbichi, tena rangi mpya ndiyo mbaya zaidi. Msasa ulikuwa kwenye rafu, hatua nne kutoka niliposimama. Lakini nilimtazama usoni, nikamwona alivyosimama na shati lake lile, na nikasema, "Asante, Baba."

Nikajidanganya. Nilijiambia udongo utaisugua itoke kwenye mstari wa kwanza. Kwenye shamba la juu ingekuwa hivyo, maana kule udongo una mchanga. Bondeni hauna.

Watu walikuwa kama thelathini, na miavuli, na viatu vimebebwa mkononi. Hata Fundi Mageti alikuwepo, amesimama kwenye nyasi ili asichafuke. Mwenyekiti alikuwa na daftari lake. Taratibu akashusha plau. Ulimi ukazama vizuri, moyo wangu ukanyanyuka kidogo. Hatua ya tano, udongo ulianza kupanda kwenye bawa na haukugeuka. Hatua ya kumi ulikuwa donge. Hatua ya kumi na tano trekta ilikuwa inaburuta lundo la tope, na nyekundu haikuonekana tena popote.

Taratibu akashuka na kijiti. Akabandua, akapanda. Hatua kumi na tano. Akashuka tena. Mara ya tatu hakunitazama usoni, na hilo ndilo lililoniuma. Nyuma yangu mzee mmoja alisema ndicho hicho chuma cha mafunzoni. Mtu mwingine akasema mwaka jana angalau zilifika ishirini. Walicheka, si kwa ubaya.

Mwenyekiti akanijia. "Fundi, tatizo ni nini?"

Baba alikuwa mkono wangu wa kulia. Nikisema ni rangi, namvua nguo mbele ya watu aliowafanyia kazi miaka thelathini na sita, siku ya kwanza aliyonipa heshima yake. Nisiposema, karakana inakwenda. Nilikuwa na sekunde chache za kuchagua, na nilichagua vibaya. Nikamwambia bado naangalia. Nikainama, nikajitia kukagua boliti ambazo niliziona vizuri kabisa kwamba zimekaza.

Baba ndiye aliyechukua kijiti mkononi mwa Taratibu. Akaanza kubandua tope yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, pole pole. Chini kabisa ya bawa la kwanza, jiwe lilikuwa limekwangua rangi, pakabaki chuma kitupu kipana kama kiganja. Pale tope halikungoja kijiti, lilidondoka lenyewe. Juu yake, penye nyekundu, lilikuwa limeshika kama gundi. Baba akachota tope, akalibandika kwenye rangi. Likakaa. Akachota jingine, akalibandika kwenye chuma. Likateleza likaanguka juu ya kiatu chake. Akarudia. Halafu akageuka kunitazama.

"Ulijua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilijua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi, mlangoni."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulisema umeipitisha."

Nilidhani amekasirika, nikatazama chini. Aliposema tena, hakuwa anasema nami, alikuwa amewageukia watu, na sauti aliitoa yote.

"Jamani, udongo unashika rangi. Rangi nimepaka mimi, jana, bila kumuuliza mtu. Kazi ya huyu iko chini yake, na ni safi. Tupeni saa moja muione."

Hakuna aliyecheka. Baba akavua shati la kutokea, akalitundika kwenye usukani, akakaa kwenye tope na fulana yake. Taratibu akaleta brashi ya waya na dizeli kidogo kwenye kopo. Mimi nilikuwa na msasa mfukoni. Sijui niliutia mfukoni saa ngapi, lakini ulikuwepo. Tukaanza, Baba bawa la kwanza, mimi la pili. Baada ya dakika kumi niliona mikono mingine kwenye bawa la tatu. Mwenyekiti alikuwa ameweka daftari chini, amekunja mikono ya gauni, anasugua kwa kitambaa chenye dizeli kwa ile namna ya watu waliosafisha vidonda maisha yao yote. Akaniambia nimwonyeshe upande wa kusugulia. Nikamwambia afuate njia ya udongo, asikate katikati. Akafuata.

Ilichukua saa moja na nusu. Tulipomaliza tulikuwa wekundu sisi na si mabawa.

Taratibu akapanda. Hatua kumi. Hatua ishirini, na watu wote walikuwa wanahesabu kwa sauti, kama watoto. Arobaini. Udongo ulipanda kwenye bawa, ukageuka, ukalala pembeni, mweusi na laini, na bawa nyuma yake liling'aa. Wakaacha kuhesabu. Taratibu alifika mwisho wa shamba, akageuza, akarudi hadi tuliposimama, na hakushuka. Alikitupa kile kijiti majanini bila kusimamisha trekta.

Nililia. Mume wangu akisoma hapa ajue kwamba niliwaambia watu ni moshi wa trekta.

Tulirudi kwa miguu, Baba na mimi. Njiani ndipo aliponigombeza, na alinigombeza sawasawa. "Siku nyingine ukiniona nakosea, niambie. Mimi si yai. Ningepasuka zamani."

Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa na furaha mno, hata sikujitetea.

Jumanne, tarehe 1

Kila kiungo kinauma. Baba hajasema lolote kuhusu Fundi Mageti, na mimi sijauliza.

Alhamisi, 3

Plau ya pili imekwenda bondeni. Baba amepaka fremu na gurudumu. Mabawa aliyazungushia gazeti kwanza na kuyafunga kwa kamba, kama anayefunga kidonda, ndipo akafungua kopo. Aliponiona natazama akasema fremu ni ya kuonekana. Nilimshikia gazeti.

Jumatatu, 7

Mvua siku ya nne mfululizo. Trekta haiwezi kuingia shambani. Kila jioni Taratibu anapaka mabawa oili chafu bila kukumbushwa, na anaitwa Taratibu bado, lakini naona jina linaanza kumfaa.

Jumatano, 9

Leo nimemsikia Baba akimfundisha mteja. Mteja alitaka ulimi uvishwe pande zote mbili, apate zaidi. Baba akamweleza habari ya upande mmoja, jinsi ule laini unavyolika na ule mgumu unavyobaki mbele, kwa ufasaha ambao mwalimu wangu wa mafunzoni hakuwa nao. Alimwambia watu wengi wana tamaa hapo mwanzoni. Nilikuwa nyuma ya kinyago cha kuchomelea, nikashukuru kwamba uso haukuonekana.

Jumatatu, 14

Ekari ya mwisho ya bondeni imelimwa leo. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kutuambia. Mwaka huu wanapanda wiki tatu kabla ya wenzao wa ng'ambo ya mto, ambao kila mwaka huwatangulia. Ndimi zangu mbili za shamba la juu zimefikisha ekari hamsini na tatu na bado zinakata. Mwenyekiti alisema msimu ujao wataleta plau zote tisa, na hazitakwenda kwingine. Kisha akanishika mkono, akatazama malengelenge yangu, akasema niyapake mafuta na nisiyatumbue.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Kuhusu karakana, kimya.

Jumatano, 16

Nimemwambia mume wangu kwamba baba yake ananichosha. Msimu umekwisha, kazi imefaulu, kila mtu ameona, na mimi bado sijui kama mwezi ujao nitakuwa na karakana au nitakuwa na maua. Akauliza kama nimemuuliza. Nikasema hapana. Akasema basi tuko wawili tunaochoshana, mimi na baba yake, na yeye ni mpatanishi asiye na mshahara, na akaendelea kusahihisha.

Ijumaa, 18

Fundi Mageti amepita kutaka jibu lake. Baba akamwambia aje Jumanne, saa tatu. Futi ilikuwa mkononi mwake tena.

Jumanne, 22

Asubuhi Baba hakuonekana. Nilifungua karakana peke yangu, nikawasha mashine, na nikawakuta watu wananisubiri. Habari za bondeni zimesambaa, na sasa wenye bustani wanataka majembe yao ya mkono yavishwe. Niliwawekea benchi ukutani, wakakaa watu sita, kila mmoja na jembe lake magotini, nikaanza na wa kwanza.

Nilipoinua kinyago baada ya jembe la pili niliona benchi limeongezeka mtu. Mwisho kabisa, baada ya mama mwenye mwavuli, alikuwa amekaa Baba. Kwenye magoti yake alikuwa na jembe la bustani ya nyumbani.

Nikamwambia apite ndani. Akanijibu kuna foleni.

Nikamwambia tena, Baba, tafadhali. Akasema wenzake wamewahi kabla yake na si vizuri. Yule mama akamsogezea nafasi zaidi.

Saa tatu kamili Fundi Mageti akaingia. Akamwona Baba pale benchini, akasita, akamwamkia, akakosa pa kukaa. Akasema, kwa adabu yake ile ile, kwamba amekuja kwa lile jibu la karakana.

"Muulize mwenyewe," akasema Baba, akanionyesha kwa kidevu. "Mimi nasubiri zamu."

Fundi Mageti akanigeukia. Niliweka rodi mezani. Nilimwambia nafasi haipo, na nikamwomba radhi kwa usumbufu. Akaitia futi mfukoni, akatuaga sote, hata waliokaa benchini.

Nilivisha majembe mengine manne, na baada ya Baba benchini wakaongezeka wengine wawili. Mawili kati yake nadhani niliyavisha vizuri, mengine nitayaangalia kesho. Zamu ya Baba ilipofika alisimama, akaliweka jembe lake mbele yangu kwa mikono miwili, akauliza litakuwa tayari lini.

Nikamwambia Alhamisi.

Akalalamika kwamba Alhamisi ni mbali. Nikamwambia wateja wote husema hivyo, na nikamwita anayefuata.